Siku Kibuyu Kilipoingia Ndani ya Mzinga

Umewahi kumtukana mtu kwa wimbo, kaunti nzima ikaucheza, halafu siku moja ukapandishwa jukwaani, ukapewa maikrofoni, ukaambiwa umwimbie huyo huyo wimbo wa kumsifu?

Na anayekuvisha kofia ya chama chake ni ndugu yako wa damu, ambaye hamjasalimiana tangu mvua ya mwaka uliopita?

Mimi yalinipata. Hapa hapa Kathonzweni, uwanjani, jua la saa nane, watu wamejaa mpaka wengine wamepanda juu ya paa la choo.

Keti nikuambie.

Naitwa Syokau, lakini ukiniulizia sokoni kwa hilo jina utazunguka bure. Mimi ni Mama Yvonne wa hoteli. Ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na ndengu.

Hoteli yangu ni ndogo, na kuna siku watu wanakula wamesimama. Si eti napika kuliko wengine. Watu wanakuja kuskia. Nani ameachwa, nani amenunua pikipiki na hana kazi, pasta gani amehamishwa na kwa nini. Nyumba ikijaa watu mimi nakuwa mzima. Nikiachwa peke yangu naanza kuumwa na kichwa.

Kingine ni kuimba.

Tuna mwethya, kikundi cha kina mama. Leo tunachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho kwa yule. Mimi ndiye nilikuwa naanzisha nyimbo, Kalunde anaongoza wa kuitikia. Na wimbo wa Kikamba haukubembelezi. Unatajwa jina, unatajwa kosa, na wewe unacheza tu huku ukisemwa.

Sasa Kiema.

Kiema ni kaka yangu, na sina mwingine. Baba alikufa nikiwa bado mdogo. Kiema akaacha shule, akaenda Mtito Andei kupakua malori ili mimi nivae viatu. Binti yangu Yvonne nilimzaa nikiwa bado kwetu, sijaolewa, baba yake akapotea kama moshi, na ni Kiema alimtoa hospitali amemfunika na koti lake.

Tulikuwa tunaitana "mwana wa mwaitu", mtoto wa mama yangu. Hilo jina hatukuwa tunalichezea.

Kwa hivyo ukiona nilivyofanya, ujue nilikuwa nacheza na nini. Huyo mtu mmoja.

Kiema alikuwa mwenyekiti wa Mzinga katika wadi. Huku vyama tunaviita kwa picha zao za kura, na Mzinga ndio chama cha tangu zamani. Mwenyewe ni mheshimiwa Mulinge, mbunge wetu. Mvua ikikataa, Mulinge anashinda. Nzige wakija, Mulinge anashinda. Bwawa alilotuahidi lilikuwa bado ni shimo, kazi yake kuvunja mbuzi miguu.

Watu walikuwa wamechoka. Chama kipya kinaitwa Ngazi kikaanza kupanda kutoka upande wa Kibwezi, vijana wakaanza kuvaa fulana zake.

Hapo ndipo Muindi, aliyekuwa mkono wa kulia wa Mulinge, akatoka Mzinga kwa kelele. Akasema ameibiwa kwa mchujo. Akaanzisha Kibuyu.

Na akaja moja kwa moja kwa hoteli yangu.

Alikula, akasifu, akaomba aongezewe supu. Akasema kina mama wa huku hawana wa kuwasemea. Nikamuuliza mbona asiende Ngazi kama wengine. Akasema Ngazi ni ya wageni, watu hawatajua hata mlango wa mwenyewe ni upi. Kibuyu ni chetu, kimeota hapa.

Iliniingia, bana. Sitadanganya.

Wimbo nilitunga nikiosha sufuria. "Mzinga umejaa buibui, asali mlilamba nyinyi. Nyuki walihama lini, Mulinge, ama ulikuwa umelala?" Kwa Kikamba unauma zaidi.

Tukauimba kwa matuta, mtu akaturekodi. Baada ya hapo sikuwa na usemi tena. Ukachezwa Kibwezi, ukachezwa Mwingi, ukachezwa Kitui mjini kwa duka za simu. Watu waliokuwa wanahamia Ngazi wakaanza kugeuka njiani, wanavaa leso na kofia za Kibuyu. Wenyewe walikuwa wananiambia: Mama Yvonne, ni wewe umetuleta.

Nikavimba kichwa kidogo. Nani hangevimba?

Kiema akaja saa ya chakula. Nyumba imejaa. Alisimama mlangoni, hakukaa. Akaniambia nitoe leso ya Kibuyu nilikuwa nimejifunga. Nikamwambia amwambie Mulinge ajaze lile shimo maji kwanza. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Syokau," akasema. "Chagua. Hiyo leso ama mimi."

Kaka yangu hakuwa amewahi kuniita Syokau.

"Enda na mzinga wako," nikamwambia. "Na uchunge buibui."

Hoteli ikapasuka kwa kicheko. Yeye akageuka akaenda. Mimi pia nilicheka, halafu nikaingia jikoni nikalia, na aliyeniuliza nikamwambia ni moshi.

Nilifikiri ni ya wiki moja. Haikuwa.

Tukawa tunapishana sokoni kama watu wa deni. Kanisani anakaa upande ule, mimi huku. Pasta akahubiri juu ya ndugu kukaa pamoja, akituangalia waziwazi, na hakuna aliyenyanyuka.

Halafu watu wa kina Mwau wakatuma habari kutoka Mwingi. Mwau ndiye kijana anayemchumbia Yvonne. Wanaleta mbuzi za ntheo.

Kama wewe si wa huku, elewa hivi: bila mbuzi za ntheo, hata mkae miaka ishirini na watoto wajae boma, huyo si mke wako. Ni siku kubwa. Na mbuzi hazipokewi na mama. Zinapokewa na baba. Na aliyemsimamia Yvonne kama baba ni Kiema.

Nilituma mtu kwake. Nikatuma mwingine. Nikampigia mwenyewe, nikameza kiburi chote. Simu ikalia mpaka ikachoka.

Siku ilipofika, wageni wameketi, mbuzi wamefungwa hapo kwa mti wanalia, wazee wa Mwingi wanaangaliana. Mwishowe tukamchukua mjomba fulani wa mbali, hata hakuwa anakumbuka vizuri Yvonne ni wa nani. Akazipokea.

Usiku Yvonne aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mama, hii chama itatupea nini?"

Nikamwambia alale.

Uchaguzi ukakaribia. Muindi akanipigia, sauti tamu. Nilete kina mama wote uwanjani, wote na leso za Kibuyu, kuna mgeni mkubwa na hatutaamini macho yetu.

Kweli hatukuamini.

Tulifika tukiimba. Nikainua macho jukwaani, nikaona Muindi ameshikana mikono na Mulinge, wameiinua juu kama watu walioshinda mpira. Nyuma yao, Kiema amekumbatia boksi la kofia.

Muindi akashika maikrofoni. Akasema ameongea na wazee, ameomba Mungu, ameona mgawanyiko unaumiza jamii. Kuanzia leo Kibuyu kimeingia Mzinga, na watu wake wote.

Na watu wake wote. Hao ni sisi. Hakuna aliyetuuliza hata kama tumeshiba.

Kina mama wakanigeukia mimi.

Muindi akaita jina langu. Nikapanda. Kiema akanijia, akanitoa leso mabegani polepole, akanivisha kofia ya Mzinga. Halafu akaniinamia sikioni.

"Imeisha, mwana wa mwaitu. Turudi nyumbani."

Hilo jina ndilo liliniangusha.

Nilimkumbatia mbele ya watu wote. Nikalia. Nilijiambia wametuuza sisi wote wawili, mimi na yeye, hawa wakubwa wamekula na kutupiga teke, lakini angalau nimerudishiwa kaka yangu. Nikashika maikrofoni nikaimba. "Buibui ametoka, nyuki wamerudi." Nilibuni pale pale.

Kalunde na wenzake walichelewa kuitikia. Niliona. Sikujali. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Na hiyo ndiyo video iliyoenda kila mahali: Mama Yvonne amemkumbatia Kiema, anaimbia Mulinge, machozi na meno yote nje.

Hazikupita siku nyingi Tima akaja. Tima ni rafiki yangu wa zamani, watu wao walitoka pwani, ana gesti na mkahawa Mtito Andei. Huja kwangu kununua ndengu kwa gunia. Alinikumbatia akicheka.

"Shoga, hongera," akasema. "Nyinyi ndugu mnajua kuigiza. Hata mimi niliamini, na mimi nilikuwa najua."

Sasa, mimi nimekula umbea maisha yangu yote. Najua ukitaka mtu amalize, usishtuke. Cheka, mwongezee chai. Nikacheka kama mtu anayejua, nikamjazia kikombe.

Tima akamwaga yote.

Kabla Kibuyu hakijapata hata jina, wanaume watatu walikuwa wanakula pilau kwa chumba chake cha nyuma. Mulinge, Muindi na Kiema. Hakuna aliyeibiwa kwa mchujo. Walijua watu wana hasira na watakimbilia Ngazi. Kwa hivyo wakawajengea nyumba ya karibu wakasirikie humo, halafu siku ikifika nyumba ibebwe na watu ndani.

"Kakako ndiye alisema wimbo utoke kwako," Tima akaniambia. "Alisema, dada yangu ana watu na ana mdomo, lakini ataimba vizuri zaidi akinikasirikia mimi."

Chai yangu ilipoa hapo hapo.

Wakati huo hoteli ilikuwa imeanza kuwa na nafasi. Nilidhani ni kiangazi. Halafu nikapita njiani nikakuta mwethya wanachimba kwa shamba la mwenzetu, na hakuna aliyeniambia siku imebadilishwa. Waliponiona wakakata wimbo. Nikaanza kujitetea, sikujua chochote, nilidanganywa kama nyinyi. Kalunde aliegemea jembe akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Yvonne," akasema bila hasira, "sisi tulikuwa tunaimba na wewe. Kumbe wewe ulikuwa unaimba na kaka yako."

Nikaenda kwa Kiema siku hiyo hiyo. Nilimpata nje ya nyumba yake akipura ndengu na fimbo. Nikamwambia yote ya chumba cha nyuma.

Hakukana. Hiyo ndiyo iliniumiza kwanza. Alisema siasa ni hivyo, hakuna aliyekufa, na angeniambia singeimba vile. Tena akanisifu. Akasema Ngazi ingetumaliza kama si mimi.

"Na ntheo ya Yvonne?" nikamuuliza.

Fimbo ikasimama.

"Nilivaa suti siku hiyo," akasema. "Nikakaa kitandani nayo mpaka jioni. Mulinge alisema nikienda, watu watajua ugomvi si wa kweli."

Yaani alikuwa amevaa. Alikuwa tayari. Mtoto aliyemfunika na koti anapokelewa mbuzi na mtu wa mbali, na yeye amekaa kitandani na suti kwa sababu Mulinge amesema.

Sikumtukana. Nilimwomba kitu kimoja tu. Aje hotelini, kina mama wakiwepo, aseme kwa mdomo wake kwamba mimi sikujua.

"Baada ya uchaguzi," akasema. "Nikisema saa hii, kura zinaenda Ngazi."

Akaendelea kupura.

Uchaguzi ukaja. Mulinge akashinda, si unajua. Muindi akapewa kiti cha maana. Kiema naye wakamtafutia ofisi mjini Wote, anatoka asubuhi amenyoa ndevu.

Siku moja akaingia hotelini, amenona kidogo. Mle ndani kulikuwa na dereva mmoja wa lori anakula ndengu akiangalia simu yake, na viti vitupu. Kiema akakaa, akaagiza muthokoi. Nikamwekea. Nikasimama mbele yake.

"Uchaguzi umeisha," nikamwambia. "Sema sasa."

Akaangalia huku na huku.

"Niseme kwa nani?" akasema. "Hakuna watu."

Akala. Akamaliza. Akaenda.

Tangu hiyo siku sijamwongelesha, na safari hii si maigizo ya mtu. Nikipita naye sokoni bila salamu, wanawake wanagongana viwiko na kucheka: hao wameanza tena, kuna chama kingine kinakuja. Ule ugomvi wa kupangwa, kila mtu aliuamini. Huu wa kweli, hakuna.

Sasa mwenzangu unayesoma hii, uko na mtu umemnunia juu ya chama. Pengine mmekosana kwa grupu ya familia, pengine hukwenda harusi yake.

Mpigie leo. Vyama vitaungana tu, ndiyo kazi yao, watakula pilau moja na watasahau hata walikuita nani. Lakini hakuna mkutano utaitishwa uwanjani wa kukuunganisha wewe na mtoto wa mama yako.