Walipohamia Kunguru wa Shingo ya Kijivu

Enzi zetu pale Zinga, kabla ya uhuru, wenzangu mtakumbuka, minazi ilijaa viota vya minana, wale ndege wadogo wa manjano wenye kelele kama wanawake wa harusini. Tukila mihogo ya nazi uani, makapi ya viota yalituangukia sahanini, tunapuliza, tunaendelea kula. Kunguru tulikuwa nao wachache, wa kifua cheupe, wenye haya zao. Ukiinama tu kuokota jiwe, wameondoka.

Ndipo wakaja wa shingo ya kijivu. Watu walisema wametokea Unguja, na huko waliletwa kutoka Bara Hindi. Wawili wa kwanza walitua kwenye mti wetu wa mkungu pale uani. Bibi, mama yake baba, akataka kuwafukuza. Baba akacheka.

"Waache, mama. Watakula matumbo ya samaki, ua litakuwa safi."

Basi wakala matumbo ya samaki, wakahamia vitumbua vya mama, kisha makinda ya minana, kiota baada ya kiota.

Mwaka huo bibi alinipa mtetea wangu mwenyewe, akaangua vifaranga kumi na mmoja. Agizo lilikuwa moja: nikitoka, niwafunike kwa tenga. Siku moja wenzangu wakaniita kucheza rede, nikajiambia narudi sasa hivi. Niliporudi, kuku alikuwa akizunguka na kulia, manyoya yamemtimka. Vifaranga walibaki watatu. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi hakunipiga. Aliketi nami chini. "Lia umalize, mjukuu wangu. Kisha tuwatunze hawa waliobaki."

Baba alipanda mkungu kwa hasira akaangushe viota vya kunguru. Wakamvamia kichwani wote kwa pamoja, akateremka mbio, kofia imebaki juu. Bibi akamuuliza, "Vipi, ua limekuwa safi?"

Wale vifaranga watatu walikua, wakataga. Lakini minana hawakurudi tena kujenga kwetu, na kunguru wa kifua cheupe wakapungua taratibu, hata sijui ni lini nilimwona wa mwisho.

Watoto wa siku hizi, macho kwenye simu, kunguru akiwanyang'anya andazi mkononi wanacheka na kumpiga picha. Juzi mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, huyu ndiye ndege wa kwetu." Nilitaka kumbishia. Nikatazama juu mtini, nimtafutie ndege mwingine wa kumwonyesha. Sikumpata.