Aliyelinywa Kombe

Mwaka 2006, Bi Asmahan aliingia nyumba ya mdogo wake Shemsa, mtaa wa Alum Rock huko ughaibuni, na bakuli la kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zimeshaoshwa majini. Alikuja kumtibu mtoto wa Shemsa, aliyezaliwa akapewa jina la kike, Saleha, na sasa anataka aitwe Suhaib.

“Mpe anywe, shetani amtoke.”

Shemsa alishachoka na mashetani ya watu. Mwanawe alikuwa hali chakula, hathubutu kujitazama kiooni, mpaka walipompata daktari aliyemsikiliza bila kumharakisha. Tangu hapo analala, anacheka.

Akalipokea bakuli, akapiga bismillahi, akalinywa kombe lote mwenyewe.

“Dada, mgonjwa nilikuwa mimi, nikiumwa na hofu. Nimeshapona. Sasa mwite Suhaib, chakula kinapoa.”