Tumbo la Mesías Lilibaki Mjini

Mwezi wa Februari madaktari wa mjini walimpasua mjomba wangu Mesías Cuaspud kuanzia kifuani hadi kitovuni, wakalitoa tumbo lake lote pamoja na saratani iliyokuwa imeota ndani yake, kisha wakaunganisha umio na utumbo kama mtu anavyounga mpira wa maji uliokatika. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Huku kwetu juu, kwenye miteremko ya viazi na ukungu, saratani ya tumbo si habari ya kushtua. Baba yake Mesías alikufa nayo. Dada yake mkubwa pia. Wote wawili walizikwa bila hata kuonwa na daktari. Kwa hiyo Mesías aliporudi hai, amekaa mbele kwenye lori la maziwa, watu walitoka barabarani kumtazama kama mtu aliyetoroka jela. Mimi nilikuwa namalizia chuo mwaka huo, nikadhani kazi iliyobaki ni kidonda kupona tu.

Kwa miaka kumi na minne Mesías alikuwa kapteni wa mfereji. Maji yetu yanatoka kwenye vilele vya baridi na kushuka kwa mfereji mmoja hadi nyumba sitini. Kila Agosti tunausafisha kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, na kapteni ndiye anayepima kwa fimbo yake kipande cha kila nyumba, asipendelewe mtu wala kuonewa. Adhuhuri kila mmoja humwaga chakula alichobeba juu ya kitambaa kimoja kirefu: viazi vya maganda, mahindi, jibini, simbilisi wa kuchoma. Kapteni hufungua. Kila tonge, mkono wa mtu hauendi kabla ya mkono wake, na yeye akila watu wanakula, yeye akijifuta mikono watu wanarudi kazini. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Lakini aliyekula nawe kwenye kitambaa hawezi kukuibia maji, na asiyekula anatazamwa.

Na Mesías alijua kula. Walikuwa wakisema tumbo lake aliliazima kwa fahali na fahali bado anadai.

Sasa tumbo hilo halikuwepo. Chakula kilipita kwake kama mgeni asiyevua kofia. Akila vijiko vitano anajaa hadi kooni, akila sita anatapika. Nyongo ilimpanda alipolala, hivyo akajifunza kulala ameketi, ameegemea magunia ya mbegu. Nyama yenye mafuta ilitoka kama ilivyoingia. Kibaya kuliko vyote ni ule mshtuko: nusu saa baada ya kula moyo unakimbia, jasho linamtoka kwenye baridi ile, macho yanaona giza, na tumbo, au kile kilichobaki, kinamkimbiza chooni. Mara nyingine hakufika.

Majirani hawakumwacha. Walikuja na dawa wanayoijua: sukari guru. Kila aliyeingia alikuwa na kitonge mfukoni, na Bertilda, mke wa mjomba, aliivunja, akaichemsha na kumnywesha bakuli zima ikiwa moto. Huku kwetu guru humpa nguvu mzazi, humwamsha aliyezirai, hutoa baridi mifupani. Mesías akipata kizunguzungu anapewa guru. Akipewa guru kizunguzungu kinazidi. Kikizidi, anaongezewa.

Nilikuja likizo ya Pasaka nikamkuta amekuwa mwepesi kama kapu tupu. Niliomba karatasi ya hospitali. Bertilda aliitoa nyuma ya picha ya Bikira, imekunjwa mara nne. Iliandikwa: kula kidogo mara sita, tafuna sana, usinywe unapokula, epuka sukari.

Nilimuuliza kuhusu hiyo sukari.

“Sukari haijaingia nyumba hii tangu arudi,” alinijibu kwa fahari. “Hata ya mgeni nimekataa.”

Nilimwonyesha bakuli lililokuwa bado linafuka mikononi mwake. Akasema, hii ni guru. Nikamweleza kwamba guru nayo ni sukari. Alikaa chini kwenye kigoda, akaliweka bakuli sakafuni polepole, wala hakulia. Akasema tu kwamba amekuwa akimnywesha mara nne kwa siku.

Nilitukana siku ile. Niliwatukana watu wenye elimu wanaomtoa mtu tumbo kwa ustadi wa ajabu halafu wanamrudisha kwake na mistari minne, bila hata mmoja kumuuliza: nyumbani kwenu mgonjwa hupewa nini? Mpaka leo sijafuta neno hata moja. Lakini Mesías aliniambia ninyamaze, maana guru ilikuwa kitu pekee ambacho bado alisikia ladha yake.

Tulidhani ikiachwa atapona. Mshtuko ulipungua, haukwisha. Nyongo ilibaki, kuhara kulibaki. Daktari alipoulizwa mwezi Juni alisema wengine huzoea baada ya mwaka, wengine hawazoei.

Julai baraza la jamii lilikaa, na Herminsul Chapuel, aliyekuwa akimsaidia kupima miaka yote hiyo, akasema kwa heshima zote kwamba kapteni apumzike mwaka huu. Kuna aliyeuliza kama kapteni aliyepumzika huwa anarudi. Mesías aliinuka, akashika fimbo yake, akasema atapima na atafungua kitambaa kama kawaida.

Njiani nilimshauri tuwaeleze watu kabla ya siku yenyewe, ili wasimlazimishe kula.

“Mpwa wangu,” akasema, “walishaniona nikiletwa kama mzigo kwenye lori la maziwa. Utumbo wangu waniachie mwenyewe.”

Siku ya msaragambo alipima vizuri. Mimi niliona anavyosimama kila hatua kumi akijifanya anakagua ukingo, lakini vipande vilikuwa sawa, hadi wanawake wa nyumba za juu, ambao hulalamika kila mwaka, hawakulalamika. Usoni alikuwa na rangi kidogo. Adhuhuri kitambaa kikatandikwa, chakula kikamwagwa, watu wakapiga magoti pande zote mbili. Mesías akachukua kiazi kimoja kidogo, akakimega nusu, akatafuna.

Akatafuna. Nilihesabu hadi arobaini. Watu sitini na zaidi walikuwa wamekula kiazi chao cha kwanza na mikono ilikuwa juu ya magoti, inangoja.

“Kapteni,” mmoja akaita kutoka mwisho wa kitambaa, “hicho kiazi kimekukosea nini? Mwachie Mungu.”

Watu wakacheka. Mesías naye akacheka, mdomo umefumbwa.

“Mwacheni,” Herminsul akasema. “Anakula kama bwana wa mjini. Alikaa huko wiki tatu.”

“Basi huko ndiko walikomfundisha kukonda,” akadakia mama Delfina, mjane anayeishi mwanzo wa mfereji, na kwa mapenzi kabisa akamwekea mbele paja la simbilisi linalotiririka mafuta, na bakuli la guru ya moto. “Kula, baba. Ukila wewe ndiyo tunakula sisi.”

Mesías aliliangalia paja. Akachukua nusu ya pili ya kiazi. Mtu akaguna. Mwingine akasema chinichini, lakini tukasikia, kwamba labda siku hizi chakula cha watu wa huku juu kinamnukia vibaya kapteni.

Hapo nikasimama. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na niliamini ukweli ukisemwa kwa sauti unatosha. Niliwaambia wote. Niliwaambia hana tumbo, hana hata kipande, kwamba mafuta yanapita ndani yake kama maji kwenye paipu, kwamba guru wanayomletea inamwangusha, kwamba Bertilda anafua nguo zake za ndani mara tatu kwa siku na wao wanamcheka. Nilisema wajionee aibu. Nilisema mengi zaidi, hata namna anavyotakiwa kupikiwa, na yote yalikuwa kweli.

Nilipomaliza, hakuna aliyekuwa akimtazama Mesías usoni. Walikuwa wanatazama suruali yake.

Akanyoosha mkono akalichukua bakuli la guru. Akalinywa lote, bila kupumzika, akiniangalia mimi juu ya ukingo wa bakuli. Kisha akala paja. Akalimaliza hadi mfupa, akajifuta mikono, akasema, “Kazini.” Watu waliinuka. Wengi walikuwa hawajashiba, wala hawakunung'unika.

Mshtuko ulimpata kwenye kipande cha nane. Alikuwa ndani ya mfereji, fimbo imelazwa, nikaona jasho linamtiririka. Akaikamata fimbo kwa mikono miwili. Kisha suruali ikalowa nyuma, na harufu ikatufikia.

Hakuna aliyecheka. Wanaume waliokuwa karibu wakageuka upande wa pili na kuendelea kuchimba, taratibu, kwa adabu, kama watu wanaopita msibani. Nadhani angependelea wacheke. Bertilda akashuka mbio na shali yake, akamwambia aoge, maji yako palepale miguuni pake, yale machache yasiyozuilika mfereji ukifungwa, safi, yanatoka kileleni.

“Huu ni mfereji wa kunywa,” akasema.

Kwa miaka kumi na minne aliwatoza faini waliofua humo, waliooga, hata aliyeogesha ng'ombe. Alipanda ukingoni, akaikataa shali, akashuka mlima kama alivyo, akipita nyumba baada ya nyumba, mwendo wa saa nzima kwake, na mimi nyuma yake.

Kesho yake alinipa fimbo niipeleke kwa Herminsul. Nilimwomba msamaha. Aliniuliza kama mlango wa zizi nimeufunga.

Siku hizi kukiwa na msaragambo wanamletea fungu lake nyumbani. Linakuja kwenye sahani ya peke yake, limefunikwa: kiazi kilichopondwa, bila chumvi, bila mafuta, kila kitu kama nilivyoagiza siku ile. Mama Delfina hulitanguliza hata kabla kitambaa hakijafunguliwa. Mesías anashukuru. Akila vijiko viwili, vingine anavisukuma pembeni.

Juzi walifungulia maji baada ya usafi wa mwaka huu. Tulikuwa tumekaa nje, ameegemea magunia yake, na mfereji unapita mteremkoni, juu ya nyumba. Aliinua kidole.

“Sikiliza,” akasema. “Pale kwenye mpindo maji yanasimama. Kipande cha tisa kimepimwa kifupi, wamechimba juujuu. Kabla ya Novemba ukingo utakatika.”

Nikasema nitakwenda kumwambia Herminsul.

“Hajaja kuuliza,” akasema, akashusha kidole, na tukaendelea kuyasikiliza maji yakikwama.