Mabati ya Kukhu

Siku ile benki tulikuwa watu wanne. Mimi mwenyewe, mume wangu, ambaye nilimwita Baba Watoto mpaka alipoaga dunia, Kalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye tajiri aliyemwajiri mume wangu na aliyekuja kumdhamini, na kijana wa benki, mwenye tai, mtu wa kwetu magharibi, ambaye kijiji chao na kijiji alikozaliwa mama yangu vimetenganishwa na mto tu. Wa tano hakuwa pale. Alikuwa Kangemi, ameketi juani nje ya chumba tulichopanga, lakini yeye ndiye aliyetupeleka. Huyo ni mama mkwe wangu. Watoto walimwita Kukhu, ndiyo kusema nyanya kwa lugha yetu, na sisi wakubwa tukafuata.

Majina yao ninayo yote, mpaka lile la ubatizo la yule kijana. Sikusoma sana, niliacha shule ningali mdogo, ndiyo maana majina hayaniponyoki, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuyaweka ila kichwani. Lakini hapa sitayaandika. Wengine wamekufa, na wengine wana wajukuu.

Ulikuwa mwaka ule wa kura ya vyama vingi. Kukhu tulimleta Nairobi kwa ajili ya macho, daktari akasema amechelewa, akabaki kwetu akiona kivuli tu. Kule nyumbani nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeinama upande mmoja kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Na kwetu mtu mzima akifa hulazwa kwanza kwake, nyumbani mwake, ndipo azikwe. Kukhu alikuwa akituambia, "Msije mkanilaza chini ya turubai kama mahindi ya kuuza." Yeye alikuwa akicheka akisema hivyo. Mume wangu hakucheka hata mara moja.

Basi tukaenda mjini kukopa pesa za kumjengea nyumba ya mabati.

Yule kijana alieleza mambo yote kwa Kiingereza, na Kalasinga akawa anatikisa kichwa. Mume wangu akasema, "Sasa nielezee na mimi, kijana yetu, mimi ndio nitalipa."

Kijana akachukua rula ya plastiki mezani. "Mzee, hii loni si kama ile ya zamani, inakaa tu kama mti. Hii inapinda." Akaikunja rula ile mpaka ncha zikakaribia kugusana. "Unaona? Haivunjiki. Inapinda tu."

Tukacheka. Mume wangu akalirudia neno hilo kwa lugha yetu, akalipenda. Sisi tulielewa kwamba itapinda kutufuata sisi, mwezi mbaya italegea, mwezi mzuri itakaza. Hatukuangalia rula iko mkononi mwa nani.

Kalasinga peke yake ndiye aliyeuliza. "Na riba je? Hiyo pia napinda?"

"Hiyo inaenda na soko, mzee."

"Soko gani?" nikauliza mimi. Soko nililolijua ni la Kangemi, na pale sukuma wiki hupanda bei wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha hushuka mpaka mtu anakuongeza bure.

"Inapanda, inashuka, mama."

Nikaona ni kama sukuma. Mume wangu akatia sahihi, Kalasinga akatia yake.

Kalasinga alituuzia mabati kwa bei aliyonunulia yeye, bila faida, hilo namshukuru mpaka leo. Tuliyapanga kando ya ukuta wetu Kangemi, juu ya mawe yasishike kutu, tukayafunga kwa waya. Mpango ulikuwa lori la duka liyapeleke nyumbani Desemba, pamoja na mbao na saruji. Kukhu akahamishia kiti chake pale. Kila asubuhi aliyagonga kwa mkongojo, nayo yakaitika kwa sauti nzito, fupi, kama mlango wa stoo. "Nyumba yangu imeamka," anasema. Ndipo akubali chai.

Desemba ile ya kura Kalasinga hakutaka lori lake litoke Nairobi. Barabarani kulikuwa na maneno mengi ya fujo za kura. Tukasema si kitu, iko Desemba nyingine.

Mwaka mpya ukaja na mambo yake. Mume wangu alirudi na mshahara, akauweka mezani, akakaa akiutazama.

"Wamekata zaidi," akasema.

"Umekosa nini kazini?"

"Si kazini. Ni riba. Imepanda."

Mwezi uliofuata ikapanda tena. Unga nao ukapanda. Akaenda benki saa ya chakula, akitembea kutoka dukani na koti lake la kazi. Aliniambia yule kijana safari hii hakusimama kumsalimu. Alimwambia tu, "Mzee, si mimi. Imepanda kwa kila mtu."

"Ulisema inashuka pia."

"Itashuka."

Ilipanda mpaka ikaipita ile tuliyoanza nayo mara mbili na zaidi. Nilikuwa nikifua nguo kwa watu Lavington, nikaongeza nyumba nyingine mbili, mikono ikachubuka kwa sabuni. Pesa zile zote zikawa zinaenda kwenye riba. Deni lenyewe limekaa pale pale.

Kukhu alikuwa akitusikia. Chumba kilikuwa kimoja, kimekatwa kwa pazia, ungeficha nini? Siku moja akauliza kutoka upande wake, "Huyo Riba ni nani?"

"Ni mambo ya benki, mama," mume wangu akamjibu.

"Nauliza, ni mwana wa nani? Ukoo gani?"

"Si mtu, mama."

"Kama si mtu, anakulaje?"

Watoto wakaangua kicheko. Kukhu hakujali. "Mwiteni hapa. Mchinjieni kuku, mumpe firigisi yeye mwenyewe. Mtu hawezi kukudai mdomo wake ukinuka mchuzi wako."

"Atamaliza kuku na banda, mama, huyo," mume wangu akasema, na akacheka, mpaka akajifuta macho. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka akicheka mwaka ule.

Akamwomba Kalasinga ayachukue tena mabati. Nilikuwapo dukani, nilikuwa nimempelekea chakula. Kalasinga akavua miwani. "Mimi nachukua, naweka wapi? Hapana mtu najenga sasa. Hata mimi benki nakamata shingo." Ni kweli, mashelfu yalikuwa na vumbi. Wiki mbili baadaye akapunguza siku za kazi za watu wote.

Hapo ndipo tulipoanza kuyauza, machache machache. Ya kwanza yalikwenda kwa mama wa kioski cha kona ambaye paa lake lilivuja, na baadaye mengine kwa fundi viatu. Mume wangu alichagua Jumapili, Kukhu akiwa kanisani na akina mama. Aliyafungua waya, akayatoa, akaufunga tena waya vile vile, na akanitazama. Mimi nikaangalia pembeni.

Jumatatu Kukhu akagonga, yakaitika kwa sauti nyembamba. Akagonga tena, chini kidogo.

"Bado yako hapo?"

"Yako yote, mama," mume wangu akasema, akifunga viatu.

"Vizuri."

Alipokwisha kuondoka, Kukhu akaniita. "Mwanangu, kitu kizima hulia hivi?"

Nilikuwa na sufuria mkononi. Nikaiweka chini.

"Riba amefika, sivyo?"

"Amefika, mama."

Akapapasa kichwa cha mkongojo. Kisha akasema, "Usimwambie mwanangu kwamba nimesikia. Atashindwa kula."

Na hili ndilo linaloniuma kuliko deni lenyewe. Hakuacha kugonga. Aligonga kila asubuhi kama kawaida, mtoto wake akiwapo, lakini sasa aligonga taratibu, pembeni, pale penye mawe, ili yasilie kwa sauti ile nyembamba. "Nyumba yangu imeamka," anasema. Na mume wangu anajibu, "Imeamka, mama." Mimi katikati yao nakoroga uji, ninajua ya huyu na ninajua ya yule, na mdomo umefungwa.

Kukhu alifariki mvua za vuli zilipoanza, kabla ya ile Desemba nyingine. Alikohoa siku chache tu. Majirani walichanga, kanisa likachanga, pesa hazikutosha kukodi gari la kumpeleka nyumbani. Mume wangu akatoka nje, akakata waya, akauza yale yaliyobaki kwa mwenye ploti ya jirani, ya kuezekea choo. Kwa hiyo mabati yalimfikisha nyumbani, kwa namna hiyo.

Tulikuta nyumba ya nyasi imelala chini, mvua imeiangusha wiki ile. Ndugu wa mume wangu walikuwa wamekodi turubai na kulifunga kwenye miti minne. Tukamweka pale. Jioni mvua ikaja, maji yakajaa katikati ya turubai, likashuka kama tumbo, na mume wangu akachukua fimbo akawa analisukuma juu, maji yamwagike kando. Watu walimwambia, "Kaa chini, tutashika sisi." Hakuitoa ile fimbo mkononi.

Deni tulilimaliza miaka kadhaa baadaye. Riba ilishuka kweli, kijana yule hakudanganya. Ilishuka wakati hatuna kitu cha kuezeka wala mtu wa kuezekewa. Nilikutana naye mjini, amenenepa, akaniambia, "Mama, habari ya siku nyingi," nikamjibu kwa jina lake. Hakukumbuka langu.

Mimi bado niko Kangemi. Mvua ikinyesha hapa huwa nasikia paa la kioski cha kona, na la yule fundi viatu, na la choo cha ploti ya jirani. Sauti zake nazijua.

Sasa ninyi mliokuwapo, na watoto wenu, kama nimekosea mnirekebishe. Yule kijana wa benki labda alikunja kalamu ya plastiki, si rula. Fundi viatu labda alichukua mabati kabla ya mama wa kioski. Turubai mimi nakumbuka lilikuwa la buluu, na shemeji yangu anashikilia lilikuwa la kijani. Niambieni, nitakubali. Lakini kwamba lilikuwa turubai, hapo sihitaji kukumbushwa.