Vijiti nilivyochomeka kwenye kiota cha misambi

Jamani wenzangu, leo nusura mayai ya misambi yalimwe kwa sababu yangu!

Si mnajua tulivyojitolea kuwalinda hawa misambi, korongo wa taji? Jana nilikiona kiota bondeni, nikakizungushia vijiti watu wasikikanyage. Nikajisifu kweli.

Leo asubuhi nafika, lo! Jirani yetu Baba Yohana keshaanza kulima.

"Baba Yohana, acha! Kuna mayai!"

"Mama Neema, si wamepima mashamba? Vijiti hivi hapa."

Kumbe! Tangu tuhamishiwe kwenye kijiji hiki, ukiona vijiti ujue shamba linagawiwa.

"Vijiti ni vyangu," nikamwambia.

"Ala! Umejigawia shamba, mama?" Akacheka, akainua jembe tena.

Nikaketi chini, mbele ya kiota. Siondoki ng'o.

Akashusha jembe. "Haya, mimi naenda. Kesho wakija wengine je?"

Vijiti nimeving'oa vyote. Kesho alfajiri nahamia pale na mahindi yangu ya kupukuchua, mpaka vifaranga watoke. Naogopa kukaa peke yangu, lakini nitakaa.

Nani anakuja? Semeni!