Ufizi wa Mwanangu Hauguswi

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi mitano alipopata homa na kuhara. Mama mkwe, aliyevuka mpaka asubuhi ile kutoka Goma, alimfungua mdomo kwa kidole akaona vivimbe vyeupe kwenye ufizi.

"Iko na ibyinyo," akasema. "Ni minyoo ya meno. Kule Busasamana iko mama mumoja anatoaka na spoku ya baiskeli. Dakika mbili tu."

Niliwaka. Binti yangu wa kwanza alitolewa hiyo "minyoo" na mama huyohuyo wa Busasamana, na mimi ndiye niliyemshika miguu. Nilikuwa mgeni katika ndoa, nikamwacha mama mkwe atupeleke. Sasa ana miaka minane. Chonge zake za utotoni hazikuota kamwe, na daktari wa meno aliniambia hata za ukubwa huenda zikaota upande. Vile vivimbe ndivyo vilivyokuwa meno yenyewe, machanga.

"Hapana, Maman. Huyu haendi."

"We unajua kuliko mi niliyezaa saba?"

"Najua ulichofanya. Najua na nilichofanya mimi."

Binti yangu alikuwa mlangoni. Alizoea kuficha mdomo kwa kiganja, lakini siku ile aliushusha mkono akamtazama bibi yake. Mama mkwe aliyaona mapengo, akainamisha macho.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikashika njia ya kituo cha afya. Mama mkwe alinifuata akinung'unika njia nzima, mfuko wa nepi begani.