Siku Niliyopiga Picha za Mazishi Yangu

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa mtu wa kuzunguka dunia, na sisemi hivyo kwa majigambo. Sikuwa na nyumba, kitanda wala sufuria popote. Nilimpigia picha za kalenda mchapishaji mmoja wa ng'ambo: milima, bandari, theluji, maporomoko ya maji. Sharti lake lilikuwa moja tu, mtu asionekane. Kwa hiyo miaka sita nilisimama nyuma ya kamera nikisubiri watu waondoke. Nilikuwa hodari kwa kazi hiyo, maana hasira ninazo za kutosha na watu hunipisha upesi.

Nyumbani Kisian nilifika mara moja kwa mwaka, siku mbili, tatu nikijitahidi. Mama yangu, ambaye alikuwa mjane, alinitesa kwa jambo moja. Kila nilipoondoka alinisindikiza hadi barabara ya Busia akilia kwa sauti, mbele ya wauza viazi na abiria na kila mwenye macho, na mara mbili alishika mkanda wa begi langu tukavutana. Safari hii nilikuja na habari mbaya zaidi. Nilikuwa nimepewa kazi ya miaka mitatu Amerika Kusini, bila likizo. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mama: aniambie nenda, na asilie.

Nilishuka kwenye treni Kisumu asubuhi, na badala ya kwenda nyumbani moja kwa moja kama mtu mwenye adabu, nikaenda ufukwe wa Dunga, ziwani, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Nikaanza kupiga picha za mashua, nikiwapungia watu mkono watoke mbele yangu. Wote walitoka isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa shangazi yangu, dada ya baba. Alinitazama, beseni likamponyoka.

"Yawa! Wewe si tunakuzika leo?"

"Unamzika nani?"

"Wewe! Hata redio imesema. Nilikuwa namaliza hii omena niende kwa matanga yako."

Nilimpa mkono, akarudi nyuma hatua tatu. Kisha akachukua samaki wa kukaanga kwa jirani yake, akamweka juu ya mashua na kuniamuru nile akiona. Nikala. Akaniamuru nile hata kichwa. Mfupa ukanikwama kooni, nikakohoa hadi machozi yakanitoka, na hapo ndipo uso wake ulipolegea.

"Sasa nimeamini," akasema. "Mtu amekufa hawezi kwamwa na mfupa."

Tukiwa njiani kwenda Kisian akanieleza kilichotokea, na nililazimika kukubali kwamba kosa lilikuwa langu. Miezi michache nyuma, nikiwa Bombay, nilituma sanduku langu nyumbani kwa meli ili nisafiri mwepesi. Ndani nilitia koti la baridi, suti, viatu na picha. Barua ya kueleza jambo hilo niliiandika pia, ila niliikuta wiki mbili baadaye ndani ya mfuko wa suruali, imeshafuliwa. Sasa, pale kwetu palikuwa na jirani ambaye mwanawe alifanya kazi ng'ambo. Vitu vyake vilitangulia, mwili ukafuata. Kwa hiyo sanduku langu lilipofika bila mimi, baba mdogo, aliyekuwa mkuu wa boma tangu baba afariki, alilizunguka mara mbili na kutangaza kwamba nimekufa.

Wakasubiri mwili mwezi mzima. Mwili haukuja, na nashukuru. Kwetu mtu akifa na maiti yake isipatikane, huzikwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kama mchi. Hilo ndilo husimama badala yake. Tena mwanamume hazikwi kwao bila nyumba yake mwenyewe. Kama hakujenga akiwa hai, ndugu humjengea haraka kabla ya mazishi. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na ndiyo kwanza nilikuwa nimepata nyumba.

Boma lilikuwa limejaa. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Sauti ya kwanza iliniona ikanyamaza, ya pili ikaendelea peke yake, kisha wote wakatawanyika kupitia uani. Baba mdogo hakukimbia. Alikuwa ameshika ratiba mkononi, akanitazama kama anayemtazama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi.

"Umekuja saa mbaya sana," akasema.

Mama akatoka ndani. Alinishika uso, masikio, akanifungua kinywa akatazama meno. Halafu akakaa chini pale pale mlangoni. Hakulia. Nilijiambia ni mshtuko.

Baba mdogo aliitisha kikao cha wazee, nami nikaruhusiwa kusimama kando.

"Ng'ombe imechinjwa," akasema. "Watu wa Port Victoria wako njiani. Kaburi tumechimba, na kaburi haiwezi kaa mdomo wazi. Lazima ikule kitu. Tunazika yago vile tulipanga, ndio kifo iridhike isirudi kuuliza huyu."

Hadi leo sijui kama hiyo ni desturi au aliitunga asubuhi ile. Mchungaji alikubali kuomba, kwa sharti kwamba ataombea wageni na si tunda. Mimi sikuulizwa. Nilikwenda kuikagua nyumba yangu, iliyokuwa kushoto mwa lango, udongo wake bado mbichi. Nilipoingia nikagonga kichwa kwenye pao.

"Baba, hii nyumba ni fupi," nikamlalamikia baba mdogo.

"Tulijua hutasimama," akajibu.

Lakini kilichonichoma hasa kilikuwa nyumbani kwa mama. Juu ya kiti chake, kile cha mito, paliwekwa picha yangu katika fremu, yenye kitambaa cheusi pembeni. Haikuwa yangu. Sikuwa na picha yangu hata moja, kwa sababu maisha yangu yote nilikuwa upande wa pili wa kamera. Walikuwa wamepekua sanduku zima, mlima baada ya mlima, hadi wakampata mtu mmoja tu: mlinzi wa mnara wa taa huko Norwe, aliyeniingilia kwenye picha bila ruhusa, skafu hadi puani na kofia hadi kwenye nyusi.

"Huyu ni Mzungu!" nikasema.

"Ulikaa sana huko," akasema baba mdogo. "Baridi inatoa mtu rangi."

Mpiga picha waliyemwita kutoka mjini alipoambiwa kwamba marehemu amefika na kamera, alipanda baiskeli yake akaenda zake. Basi kazi ikawa yangu. Walifungua jeneza. Yago ilikuwa imevaa koti langu la baridi na tai, na lazima niseme koti lilimkaa vizuri. Watu wakapangwa nyuma yake kwa makundi: wajomba, kwaya, walimu wangu wa shule ya msingi, wanawake wa soko la samaki. Nilipiga kila kundi mara mbili kwa sababu daima kuna mtu anayefumba macho. Niliwakemea wasicheke. Nilimsogeza shangazi kushoto kwa sababu alikuwa akilitia jeneza kivuli. Baada ya miaka sita ya kuwafukuza watu, nilikuwa nawabembeleza wasogee karibu.

Ikafika zamu ya kumsifu marehemu. Baba mdogo alisoma kwamba nilikuwa mtu mwerevu, mkali kidogo, asiyeandika barua, na kwamba niliacha shule ya ufundi kwa utundu.

"Sikuacha, nilimaliza," nikasema nikiwa nyuma ya kamera.

"Marehemu hajibu," akasema, na watu wakaitikia kwamba ni kweli.

Jeneza lilipoanza kuteremshwa vilio vikapaa. Wengi walilia kwa kuisaidia ratiba. Nilimwona mjomba mmoja akilia huku akitazama kule nyama ilikokuwa ikichemka. Nikamwelekezea mama kamera ili nikamilishe kazi. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, ameshika kamba ya jeneza, haachii, anavutana na wanaume wawili. Nilimwita, "Mama, tazama huku," kama nilivyowaita wengine, naye hakusikia. Sikubonyeza kitufe. Niliteremsha kamera, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuona cha kuchekesha.

Alasiri nilimkuta jikoni peke yake, akipanga vikombe kwenye sinia. Niliona heri nimwambie mara moja yaishe. Nikamwambia habari za Amerika Kusini, nikajikaza kungoja.

"Enda," akasema.

"Ni miaka tatu, Mama. Bila kuja."

"Nimesikia. Enda tu, wuoda, mtoto wangu. Mimi nimemaliza kukulilia."

Alisema bila kinyongo chochote, kama mtu anayesema amemaliza kupalilia.

"Lakini mimi niko hai!"

"Nakuona. Ulidhani sikujua yule wa picha si wewe? Mimi ndio nilikuzaa. Lakini alikaa kwa hiyo kiti mwezi mzima. Kila asubuhi naamka, namkuta. Wewe hujawahi kukaa siku nne."

Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta, neno kwa neno. Ningepaswa kushukuru na kufunga begi. Badala yake nikaanza kubishana naye. Nilimwambia Amerika Kusini ni mbali sana, huwezi kufika kwa meli moja. Akasema watu husafiri. Nilimwambia kuna milima ambayo hewa yake haitoshi kifuani, na mabasi ya kule huporomoka mabondeni. Akasema Mungu yupo hata huko. Nikamwambia kuna homa isiyo na dawa. Nilikuwa natunga sasa, bila aibu, mtu mzima mwenye ndevu, namtisha mama yangu ili alie na kunishika mkono. Akaendelea kumimina chai.

"Mama," nikasema, "hata kidogo tu?"

"Kidogo ya nini?" akauliza, akainua sinia kwa mikono miwili. "Toka kwa mlango, baba. Wacha nipelekee wageni chai. Wametoka mbali."